Barua pepe za hadaa na faili sugu: funzo kutoka Benki Kuu ya Bangladesh

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 5 Februari 2016, watumishi wa Benki Kuu ya Bangladesh mjini Dhaka walikuta printa inayochapisha kumbukumbu za uhamishaji wa fedha haifanyi kazi. Waliidhania kuwa hitilafu ya kawaida. Kesho yake, programu ya kuwasiliana na benki za nje ilikataa kufunguka, ikionyesha ujumbe kwamba faili moja halipo au limebadilishwa.

Kumbe ulikuwa wizi. Usiku wa kuamkia Ijumaa hiyo, wadukuzi walituma maagizo 35 ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti ya Bangladesh iliyoko katika Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York. Mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 ziliingia katika benki moja mjini Manila, Ufilipino, na sehemu kubwa ikapotelea katika nyumba za kamari. Dola milioni 20 nyingine, zilizoelekezwa Sri Lanka, ziliokolewa na kosa la tahajia: neno la Kiingereza «foundation» liliandikwa «fandation», na benki ya kati ikauliza maswali kabla ya kulipa.

Mlango wa wizi huo haukuwa wa chuma. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa nchini Marekani mwaka 2018 dhidi ya raia wa Korea Kaskazini, yote yalianza mwaka mmoja kabla, kwa barua pepe za heshima zilizotumwa kwa watumishi wa benki. Mwandishi wake alijifanya mtu anayetafuta kazi, akiwaomba wafungue kiungo wasome wasifu wake. Korea Kaskazini imekanusha kuhusika.

Namna ya kuitambua barua ya hadaa

Barua ya namna hiyo hubeba jambo linalomgusa mpokeaji: kazi, mzigo uliokwama, akaunti itakayofungwa, au zawadi. Mara nyingi humharakisha, kwa kuwa mwenye haraka hachunguzi.

Jambo la kwanza la kukagua ni anwani kamili ya mtumaji, si jina linaloonekana juu yake. Jina la benki laweza kuandikwa na mtu yeyote, ilhali anwani huweza kufichua herufi iliyoongezwa au kubadilishwa. La pili ni kiungo: kwenye kompyuta, mshale ukiwekwa juu yake bila kubofya, anwani halisi kinakoelekea hujitokeza.

La tatu ni kiambatisho. Faili lenye jina «mshahara.pdf.exe» si waraka, bali ni programu. Kwa kawaida Windows huficha mwisho wa jina, hivyo mpokeaji huona «mshahara.pdf» peke yake. Mtumiaji anaweza kubadilisha mpangilio huo ili mwisho wa majina yote uonekane.

Makosa ya lugha bado ni dalili, lakini kukosekana kwake si uthibitisho. Barua nyingi za hadaa siku hizi zimeandikwa kwa ufasaha. Njia iliyo salama zaidi ni kumpigia mhusika kwa nambari inayojulikana tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Faili lisilokubali kufutwa

Si kila faili linalokaidi ni kazi ya wadukuzi. Mara nyingi sababu ni kwamba programu fulani bado imelifungua, na Windows hairuhusu faili linalotumika lifutwe. Dawa yake ni kuifunga programu hiyo. Ikiwa haionekani, hutafutwa katika orodha ya programu zinazoendelea, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likishindikana, kompyuta huzimwa na kuwashwa upya kisha faili hufutwa kabla ya kufungua kitu kingine.

Mafaili yaliyomo katika folda ya Windows yenyewe hayapaswi kuguswa, kwa kuwa kuyaondoa huweza kuifanya kompyuta isiwake. Aidha, haifai kupakua programu yoyote ngeni inayodai kufuta kila kitu, kwani nayo huweza kuwa mtego.

Lakini faili geni likijirudisha baada ya kufutwa, au likitokea baada ya kiambatisho kufunguliwa, hiyo ni ishara nyingine. Kompyuta itolewe kwenye intaneti, ikaguliwe kwa programu ya kupambana na virusi, na maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia kifaa kingine. Ikiwa kuna fedha zinazohusika, benki ijulishwe saa hiyo hiyo.

Wezi wa Dhaka waliichagua siku yao kwa makusudi: Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Bangladesh, Jumapili ofisi za New York hufungwa, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Manila. Printa iliyonyamaza ilikuwa onyo la kwanza. Kila saa iliyopita huku ikidhaniwa kuwa mbovu tu iliwanufaisha wezi.