HISTORIA YA TAA ZA NJIA ZETU

Wenzetu wameandika humu habari za hisa na mikopo. Sisi tumeona tuandike habari za taa za njiani, kwa sababu sanduku la kikundi husafiri kwa miguu, na kwa miaka mingi lilisafiri gizani.

Zamani Waha hatukuishi kwa mistari. Kila mji ulikuwa peke yake ndani ya migomba yake, na mtu akitoka usiku alishika kienge cha majani makavu, au kijinga cha moto akikipunga kisizime. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, na Operesheni Vijiji iliyofuata, ndizo zilizotuweka nyumba kwa nyumba kando ya barabara. Hapo ndipo tukapata njia za watu wote: ya kisimani, ya shuleni, ya zahanati. Nyumba zilipangwa vizuri, taa haikupangwa.

Taa tulikuwa nazo za ndani. Koroboi, na mwenye nafuu chemli. Koroboi haitoki nje, upepo unaizima mlangoni. Na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 mafuta ya taa yaliadimika, tukapanga foleni kwenye duka la kijiji. Nani angemulikia njia ya wenzake? Mwaka 2011 tena ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili yasichanganywe na dizeli, basi sisi wa koroboi tukalipia kosa la watu wa magari.

Wapo wanaosema giza lilianza kutisha walipokuja wakimbizi wa Burundi mwaka 1993, na tena 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya. Hatukubali. Mama mwenye uchungu wa kuzaa aliiogopa njia ile ile kabla ya hapo, na mama mkimbizi anayekwenda choo cha pamoja usiku anaogopa kama sisi.

Tulipoanza kikundi, mkutano ulifungwa saa kumi jioni hata kama hesabu haijaisha, ili mtunza sanduku na washika funguo watatu wafike kwao jua halijazama. Katibu aliandika "hesabu itaendelea wiki ijayo". Jamani, fedha haipendi wiki ijayo! Maneno yalianzia hapo, na wanachama wengine wakajitoa. Baadaye tukakopeshana taa ndogo za sola, moja mbele ya sanduku na moja nyuma.

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Kibondo mwaka 2022 kutoka Nyakanazi. Kabla yake mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Kuunganishiwa kijijini kulikuwa shilingi 27,000, na nyumba nyingi zikawaka. Lakini taa ya nje inakula uniti za mwenye nyumba na kumulika miguu ya wote. Baba mmoja aliifungua balbu yake akasema, "Mimi siyo TANESCO."

Basi tukaamua mfuko wa jamii uwanunulie LUKU wenye nyumba za kwenye kona, taa ziwake kuanzia saa moja hadi saa nne usiku. Wengine walipinga kwamba mfuko ni wa ugonjwa na misiba. Tukawauliza, aliyetumbukia mtaroni usiku anaitwa nani kama siyo mgonjwa? Tukapiga kura, ikapita.

Kutoka kwenye kalavati hadi kisimani hakuna nyumba, kwa hiyo hakuna LUKU. Pale tunataka taa ya sola. Fedha ya nguzo imeshatimia, tunachangia betri.