Eksirei ya bega yaweza kueleza nini kuhusu hatari ya kano kuchanika?

Katika mpaka wa Mpondwe, jirani na mji wa Bwera, takribani kilomita 55 kusini magharibi mwa Kasese, bega ni kitendea kazi. Magunia hupakiwa na kupakuliwa kwa mikono kati ya Uganda na Kongo. Katwe chumvi huchimbwa kwa nguvu za mwili, na kwenye miteremko ya Rwenzori wachukuzi hubeba mizigo ya wapanda mlima. Asiyeweza kuinua mkono hukosa riziki ya siku hiyo. Ndiyo maana mjadala wa madaktari wa mifupa, iwapo umbo la bega laweza kuashiria hatari ya kano kuchanika, unawahusu wakazi wa wilaya hii.

Misuli minne hushikilia kichwa cha mfupa wa mkono katika kikombe cha bega. Kano inayochanika mara nyingi zaidi ni ya juu, inayopita chini ya akromioni, sehemu ya mfupa wa bapa la bega iliyotokeza kama paa.

Mwaka 2013, watafiti wa Zurich, Uswisi, walieleza kipimo kinachohitaji eksirei ya kawaida tu. Mstari mmoja huchorwa kutoka ukingo wa chini wa kikombe hadi ukingo wake wa juu. Wa pili huanzia ukingo huohuo wa chini hadi ncha ya nje ya akromioni. Pembe inayozidi nyuzi 35 ilionekana zaidi kwa wenye kano zilizochanika, na iliyo chini ya nyuzi 30 kwa wenye kiungo kilicholika. Inadhaniwa kuwa paa likitokeza sana, msuli mkubwa wa bega huvuta mkono kuelekea juu, na kano ya juu hulazimika kufanya kazi ya ziada kuutuliza.

Kipimo kingine ni nafasi kati ya akromioni na kichwa cha mfupa wa mkono, ambayo kwa kawaida ni milimita 7 hadi 14. Ikipungua chini ya hapo, huenda kano imechanika pakubwa na kwa muda mrefu. Pembe huzungumzia hatari. Nafasi hii huzungumzia madhara yaliyokwisha kutokea, na si vyema kuvichanganya.

Pembe nayo hubadilika mgonjwa akipigwa picha akiwa amegeuka kidogo, na si tafiti zote zilizothibitisha uhusiano huo. Isitoshe, utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 uliotumia MRI kwa watu wasio na maumivu ulikuta asilimia 54 ya waliozidi miaka 60 wana kano zilizochanika. Mchukuzi mwenye nyuzi 37 hana sababu ya kuacha kazi wala kupasuliwa kwa ajili ya namba hiyo pekee. Umri na uvutaji sigara navyo huchangia.

Ultrasaundi huionyesha kano yenyewe kwa gharama ndogo kuliko MRI, mradi anayeitumia awe na ujuzi. Wengi ambao kano zao zimechakaa taratibu hupata nafuu kwa mazoezi. Aliyeanguka na gunia na ghafla akashindwa kuinua mkono hapaswi kungoja: kano iliyokatika hujivuta nyuma, msuli wake hugeuka mafuta, na kuishona huwa vigumu. Kwake, eksirei isiyoonyesha mfupa uliovunjika haithibitishi kwamba bega ni zima.