Mwindaji wa milimani na uchaguzi wa darubini pacha

Katika sehemu nyingi za jimbo la Alaska, nchini Marekani, sheria haimruhusu mwindaji kufyatua risasi kwa kumwona tu kondoo-mwitu mweupe ng'ambo ya bonde. Ni lazima kwanza athibitishe kuwa mnyama huyo ni dume ambaye angalau pembe yake moja imepinda ikatimiza duara kamili la digrii 360, au pembe zote mbili zimevunjika nchani, au umri wake umefika miaka 8 kwa hesabu ya mikunjo ya kila mwaka inayoonekana kwenye pembe. Pembe hizo hukaguliwa na maafisa wa idara ya wanyamapori baada ya uwindaji, na aliyekosea hesabu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mnyama alikuwa mbali.

Katika mazingira ya aina hiyo, chombo cha kutazamia huwa na thamani sawa na ya bunduki, na huenda kikaizidi. Bunduki hutumika kwa sekunde chache. Darubini hutumika kutwa nzima.

Kusini mwa Arizona mnyama ni mwingine, lakini tatizo ni lile lile. Huko huwindwa kulungu mdogo mwenye mkia mweupe aitwaye Coues, jina lililotokana na Elliott Coues, daktari na mtaalamu wa ndege wa karne ya 19. Rangi yake ya kijivu hulandana na mawe na vichaka vya milima ile kame kiasi kwamba mtu aweza kumtazama bila kumwona. Mwindaji hukwea kilima kabla ya mapambazuko, akaketi, akaanza kupekua mteremko unaomkabili kipande baada ya kipande, akitafuta sikio, mstari wa mgongo au kivuli kisichostahili kuwa pale. Tangu Januari 2022, jimbo hilo lilipopiga marufuku kamera za kutegwa porini kwa ajili ya uwindaji, macho ya mwanadamu yamebeba sehemu kubwa zaidi ya kazi hiyo.

Wengi huanza na darubini ya kawaida ya macho mawili, kisha huongeza darubini ndefu ya jicho moja yenye nguvu ya kukuza mara 20 hadi 60. Ni hapa ndipo dosari hujitokeza. Jicho moja likifanya kazi huku jingine limefumbwa, misuli ya uso hukaza, kichwa huuma, na baada ya dakika 20 hivi mtu huanza kutazama tu bila kutafuta. Suluhisho ambalo wawindaji wa magharibi mwa Marekani wamelipenda ni kufunga darubini mbili ndefu zinazofanana juu ya kishikizo kimoja, kila jicho likapata chombo chake. Huo ndio mtambo unaoitwa darubini pacha.

Si njia pekee. Kampuni ya Kowa ya Japani hutengeneza darubini kubwa ya macho mawili, Highlander, yenye lenzi za mbele za milimita 82, ambayo uzito wake unapita kilo 6. Swarovski Optik ya Austria nayo ilitoa BTX mwaka wa 2017. Chombo hicho kina lenzi moja tu ya mbele, lakini nuru yake hugawanywa na prizimu ikaelekezwa kwenye macho yote mawili. BTX ni nyepesi kuliko darubini mbili kamili na haihitaji kurekebishwa na mnunuzi ili picha zilingane. Hata hivyo, kugawa nuru ni kugawa kweli: kila jicho hupata takriban nusu ya kile ambacho lenzi imekusanya. Mchana wa jua kali hasara hiyo haihisiki. Magharibi, kulungu anapotoka kichakani, huhisika.

Faida ya macho mawili yenyewe si dhana tu ya wafanyabiashara. Wataalamu wa macho wameonyesha kuwa uwezo wa kutambua tofauti hafifu za mwanga na kivuli huongezeka kwa takriban mara 1.4 mtu anapotumia macho yote mawili. Isitoshe, vijidoa na vijiuzi vinavyoelea ndani ya ute wa jicho, ambavyo huonekana waziwazi mtu anapochungulia kupitia tundu dogo la nuru, hufichika kwa kuwa jicho la pili halina doa mahali pale pale. Wengi waliovuka umri wa miaka 50 hutambua jambo hili mara tu wanapojaribu.

Kabla ya kuzungumzia lenzi ya jicho, hesabu moja ndogo ni ya lazima. Kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa idadi ya mara ambazo chombo hukuza, hupatikana upana wa duara la nuru linaloingia jichoni. Lenzi ya milimita 85 ikikuza mara 30 hutoa duara la milimita 2.8, ikikuza mara 60 hutoa milimita 1.4 tu. Lenzi ya milimita 65 ikikuza mara 30 hutoa milimita 2.2. Mboni ya jicho mchana hufunguka kwa milimita 2 au 3, na jioni yaweza kufika 5 kwa mtu mzima, hata 7 kwa kijana. Maana yake ni kwamba kila unapozidisha ukuzaji, picha huwa na giza zaidi, na jicho hulazimika kukaa mahali pamoja bila kuyumba. Kwa darubini pacha sharti hilo huyabana macho mawili kwa pamoja.

Sasa lenzi ya jicho. Dukani, mnunuzi karibu kila mara huvutwa na ile inayobadilisha ukuzaji, ya mara 20 hadi 60, kwa kuwa huonekana kama lenzi nyingi kwa bei ya moja. Kwa darubini ya jicho moja hoja hiyo ina mashiko. Kwa darubini pacha ni uchaguzi mbaya mara nyingi, na sababu ni mbili.

Kwanza ni upana wa eneo linaloonekana. Lenzi nyingi za kubadilisha hubana sana zinapokuwa kwenye ukuzaji wa chini: mtazamaji huona kama aliye mwisho wa bomba, upana wa digrii 40 hivi machoni mwake. Kwa ukuzaji wa mara 20, hizo ni takriban mita 35 za mteremko ulio umbali wa kilomita 1. Lenzi isiyobadilika ya mara 30, iliyoundwa kwa mtazamo mpana wa digrii 70, huonyesha takriban mita 40 katika umbali ule ule. Yaani hukuza zaidi na bado huonyesha eneo kubwa zaidi. Kwa mtu anayepekua mlima mzima, tofauti hiyo ni ya saa nzima ya kazi.

Pili ni ulinganifu. Lenzi mbili za kubadilisha zikiwa pamoja, ni lazima zizungushwe hadi alama ile ile kila mara. Moja ikikaa kwenye 32 na nyingine kwenye 30, ubongo hupokea picha mbili za ukubwa tofauti na kulazimika kuziunganisha. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi. Atajua tu kwamba anasikia kichefuchefu. Lenzi zisizobadilika huondoa tatizo hilo kabisa.

Ndiyo maana mpangilio ulio bora, kwa anayeweza kuugharimia, ni lenzi mbili pana za mara 25 hadi 30 kwa kazi ya kutafuta, na lenzi moja ya kubadilisha ikiwa mfukoni kwa kazi ya kuhukumu. Mnyama akishaonekana, lenzi ya upande mmoja hutolewa, ile ya kubadilisha ikatiwa mahali pake, na jicho moja likatumika kwa dakika chache zinazotosha kuhesabu ncha au mikunjo ya pembe. Wenye miwani wahakikishe kuwa lenzi waliyoichagua huruhusu jicho kukaa umbali wa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo, la sivyo kingo za picha zitakatika.

Je, ukuzaji wa mara 30 unatosha kweli? Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu 1 kati ya 60 ya digrii. Kwa macho matupu, hiyo ni takriban sentimita 29 katika umbali wa kilomita 1. Kwa ukuzaji wa mara 30 huwa takriban sentimita 1. Kimsingi, basi, mtu angeweza kuona kwa umbali huo mikunjo iliyoachana kwa sentimita kadhaa, mradi hewa imetulia.

Lakini hewa haitulii. Jua likishapanda, ardhi hupata joto na kuitikisa hewa iliyo juu yake, na mazigazi huanza kucheza kati ya mtazamaji na mnyama. Pembe hurefuka na kufupika, kingo huchemka kama maji jikoni. Hakuna lenzi inayotibu hali hiyo, iwe ya bei gani, na kuongeza ukuzaji huyakuza mazigazi pamoja na mnyama. Aliyelipia mara 60 akitarajia kuzitumia saa sita mchana jangwani atakuwa amenunua namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Saa za thamani ni zile za alfajiri na jioni, ambapo nuru ni haba, na hapo tunarudi kwenye hesabu ya duara la nuru.

Jambo linalowatatiza wengi zaidi ni umbali kati ya macho. Kwa watu wazima walio wengi, mboni mbili huachana kwa milimita 55 hadi 72 hivi. Darubini mbili zilizonyooka haziwezi kusogeleana kuliko unene wa miili yake. Zenye lenzi ya mbele ya milimita 85, zikiwekwa bega kwa bega, vitundu vyake vya kutazamia huachana kuliko macho ya binadamu, isipokuwa ziwe za muundo ambao prizimu huisogeza lenzi ya jicho pembeni mwa mhimili wa lenzi ya mbele. Hii ndiyo sababu kubwa ya darubini pacha nyingi kutengenezwa kwa vyombo vya milimita 65, wala si kwamba wenye nazo hawapendi nuru. Hata hizo humshinda mtu mwenye macho yaliyokaribiana sana. Apime kwanza umbali huo kwa fundi wa miwani. Ni kazi ya dakika moja.

Kishikizo nacho ndicho roho ya mtambo. Darubini mbili zikipishana kwa sehemu 1 kati ya 10 ya digrii, kosa hilo hukuzwa pamoja na kila kitu kingine, na kwa mara 30 huwa digrii 3 machoni. Macho huvumilia kiasi kosa la kulia na kushoto, kwa kuwa yamezoea kukutana yanapotazama kitu cha karibu. Kosa la juu na chini hayalivumilii; jicho moja halina mazoea ya kupanda huku lenzake likishuka. Kishikizo kizuri, kwa hiyo, kina skrubu za kurekebisha pande zote mbili, na hakilegei kinapotikiswa garini au baridi inapokaza chuma.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra. Darubini zilizonyooka zaweza kuzungushwa katika mhimili wake bila picha kubadilika. Zile zilizopinda, ambazo mtu huchungulia akiwa ameinamisha kichwa, haziko hivyo: moja ikilala kidogo upande, picha yake nayo hulala, na hailingani tena na ya mwenzake. Zilizopinda hufaa kwa kutazama juu na kwa watu wa vimo tofauti wanaopokezana chombo. Zilizonyooka hufaa kwa anayetazama bondeni kutoka kileleni, na huwa rahisi zaidi kuzilinganisha zikiwa mbili.

Stendi ya miguu mitatu iwe nzito kiasi cha kubeba mzigo huo bila kutetemeka kwa upepo, na kichwa chake kiwe cha kuteleza taratibu kama cha kamera za sinema. Anayetembea siku tano akiwa na hema mgongoni hana haja na darubini pacha. Azifikirie tu iwapo gari au farasi humfikisha karibu na kilima chake.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, hatakuwa na kondoo wa kuhesabia mikunjo. Nchini Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni, kanuni zimetaka simba dume anayewindwa awe na angalau miaka 6, na umri huo hukadiriwa kwa manyoya ya shingo, makovu na weusi wa pua kabla ya risasi kutoka. Aidha, wanaohesabu ndege wa majini kila Januari katika maziwa ya Bonde la Ufa hukabiliana na mazigazi yale yale, na kwao pia lenzi pana ya mara 30 hutenda kazi kuliko ile ya 60.

Anayenunua akizijaribu dukani atoke nje na kuzielekeza kwenye waya wa umeme ulio mbali, unaokatiza picha kwa ulalo. Afumbe jicho la kulia, kisha la kushoto, mara kadhaa. Waya ukiruka juu au chini, skrubu zirekebishwe mpaka utulie. Kisha atazame kwa macho yote mawili kwa dakika 10 kamili bila kuondoa uso. Kichwa kikianza kugonga kabla ya dakika hizo kwisha, asilipe, hata akiahidiwa kwamba macho yatazoea.