Maneno ya Kanisa na Maneno ya Baraza: Msamiati wa Kikatoliki katika Historia ya Kiswahili

Wataalamu wengi wa asili ya maneno wakubaliana kwamba neno gereza limetoka katika neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Wareno waliingia Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, ambayo ndani yake mlikuwa na kanisa. Lakini mwenyeji aliyesimama nje hakuiona ibada. Aliona kuta, mizinga na askari. Ndipo neno likachukua maana ya boma, na baadaye maana ya nyumba ya wafungwa. Huko Unguja, Waarabu wa Omani, waliowashinda Wareno wa Mombasa mwaka 1698, walijenga ngome yao mahali palipokuwa na kanisa la Kireno, na ngome hiyo nayo ikaja kutumika kuwa kifungo.

Habari hii ya neno moja yaeleza jambo kubwa. Ukatoliki ulipofika pwani pamoja na bunduki, haukuacha katika lugha neno la imani lililokubaliwa na watu. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliuasi utawala wa Wareno mwaka 1631, akairudia dini ya Kiislamu. Hata jengo la ibada la Wakristo halikuitwa baadaye kwa jina la Kireno. Liliitwa kanisa, neno lililotoka katika Kiarabu.

Safari ya pili ya Ukatoliki ilikuwa ya namna nyingine. Mapadre kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwaka 1860. Shirika la Roho Mtakatifu likaipokea kazi hiyo mwaka 1863, na mwaka 1868 likafungua misioni Bagamoyo. Wamisionari hawa walikuta lugha ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imezoea kumtaja Mungu, malaika, dhambi na siku ya kiyama. Wengine wao walijifunza lugha hiyo kwa bidii ya ajabu. Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, alikusanya maneno ya pwani na lahaja zake, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1,000, ikaanza kupigwa chapa Paris mwaka 1939.

Maneno ya dini waliyoyatumia wamisionari na makatekista wao yaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yaliyokuwa tayari midomoni mwa Waislamu: imani, dhambi, toba, neema, ibada, sala, Injili, malaika. Fungu la pili ni yale yaliyoundwa kwa mizizi ya Kibantu au kwa kuunganisha maneno, kama wokovu, utatu, majilio na kipaimara, yaani kitu kinachompa mtu uimara. Fungu la tatu ni yale yaliyoletwa kutoka Ulaya: misa, padre, sakramenti, Ekaristi, Kwaresima, na Noeli, ambalo ladha yake ya Kifaransa yatambulika mpaka leo.

Mgawanyo huu haukutokea kwa bahati tu. Pale ambapo mafundisho yalihofiwa kupotoshwa, neno la Ulaya lilishikwa kwa nguvu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya fungu la tatu yahusu sakramenti, daraja za makleri na kalenda ya Kanisa. Pale ambapo jambo lenyewe lilikuwa la wanadamu wote, kama kukosa, kutubu na kuomba, neno la pwani lilitosha. Hata hivyo, neno la kuazima halikubaki kama lilivyokuwa. Neema, kwa mtu wa pwani, ni pamoja na mvua njema na chakula tele. Kwa mwanafunzi wa katekisimu ni kipaji cha Mungu rohoni mwa mtu. Sala, ambayo Waislamu wengi huiandika swala, kwao ni ibada yenye nyakati tano na matendo yaliyowekwa. Kwa Mkatoliki ni maombi yoyote, hata yale mafupi ya moyoni. Neno ni moja, lakini nyumba ni mbili.

Kwa muda mrefu mgawanyo huu haukuonekana sana, kwa kuwa misa yenyewe ilisomwa kwa Kilatini. Kiswahili kilikaa katika katekisimu, nyimbo na mahubiri. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia, nayo ikafungua mlango wa lugha za wenyeji. Katika miaka iliyofuata Kiswahili kikapanda altareni. Wakati huohuo lugha hiyo ilikuwa ikifanywa lugha ya taifa Tanganyika, na kisha Tanzania. Maneno yaleyale yakasikika kanisani, bungeni na katika mikutano ya hadhara.

Hapa ndipo tofauti ya mafungu yale ilipodhihirika. Sakramenti na Ekaristi hazikupata kazi kubwa nje ya kuta za kanisa. Maneno ya pwani yalitoka na kuzunguka. Maaskofu walijiita baraza, jina la mahali ambapo watu wa pwani hukaa na kushauriana, nao Waislamu wa Tanzania walipounda chombo chao mwaka 1968 wakakiita pia baraza. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kukaza nia ya kujenga vikundi vidogo vya waumini, vikundi hivyo vikajulikana kwa Kiswahili kama jumuiya ndogondogo. Jumuiya ni neno lilelile la muungano wa nchi za Afrika Mashariki ulioundwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Na haki, neno la asili ya Kiarabu, hubeba maana mbili pamoja: lililo la uadilifu, na lile analostahili mtu. Askofu adaipo haki, hudai zote mbili kwa tamko moja.

Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943, ni mfano ulio wazi kupita yote. Mwezi wa Oktoba 1970, huko New York, aliwaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa halina budi kushiriki katika kupinga mipango ya jamii inayowaweka watu katika umaskini. Baada ya kuacha uongozi alitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, nazo zikapigwa chapa mwaka 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho. Utenzi ni umbo lililokuzwa na washairi Waislamu wa Lamu na Pate, waliosimulia kwalo vita vya Mtume. Kwa umbo hilo Mkatoliki huyu alimsimulia Yesu, na msomaji wa pwani hakuona kuwa ni mgeni.

Ushirika huu wa maneno haukuondoa mvutano. Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu wa Tanzania mwaka 2018, uliogusa uhuru wa kisiasa, na tamko lao la Agosti 2023 juu ya mkataba wa bandari, yalizua mjadala mkali, na wako waliouliza kama Kanisa lina nafasi ya kusema hayo. Lakini yafaa kuangaliwa kwamba wabishani walielewana walichobishania. Neno Kwaresima lilitaja majira tu. Hoja zenyewe zilijengwa kwa haki, amani na umoja, maneno ambayo Mwislamu angeweza kuyajibu bila mkalimani.

Basi, mtunga kamusi akitia neema, sala au haki kwa maana ya upande mmoja tu, hukata historia yenyewe. Sauti ya Kikatoliki katika mambo ya taifa imepata wasikilizaji kwa sababu iliazima ulimi wa pwani, na deni hilo lastahili kuandikwa wazi mahali pake, chini ya kila neno.