Dawa za mitishamba kwa mapafu sugu

Dawa za mitishamba kwa mapafu sugu ni mimea inayotumiwa kutuliza uvimbe wa njia za hewa katika pumu na ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu. Maradhi hayo hayatokani na sigara pekee: Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ni miongoni mwa miji ya Kongo ambako chakula hupikwa kwa makaa. Moshi wa mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba kisicho na dirisha huumiza mapafu ya wapishi, hata wasiovuta sigara.

Miongoni mwa mimea iliyochunguzwa vizuri ni mkalitusi. Kiini cha mafuta yake, sineoli, hupunguza kemikali za mwili zinazochochea uvimbe. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 242: waliomeza miligramu 200 mara tatu kwa siku, pamoja na dawa zao za kawaida, walizidiwa mara chache kuliko waliopewa dawa bandia. Hivyo vilikuwa vidonge vilivyopimwa. Kujifukiza kwa majani yaliyochemshwa ni jambo jingine: hufungua pua, lakini mvuke huunguza, na harufu kali yaweza kumkaba mwenye pumu. Mafuta yenyewe ni sumu yakinywewa, hasa kwa watoto.

Tangawizi na manjano zina sifa kubwa kuliko ushahidi wake kwa mapafu. Na kabla ya kutumia mmea wowote, mwenye kikohozi kinachopita wiki mbili hupimwa kwanza kifua kikuu.