Frasila, Doti na Kilo: Vipimo vya Biashara Katika Nchi ya Kasongo

Msafiri aliyetoka Ujiji katika miaka ya 1870, akavuka ziwa la Tanganyika hadi Mtowa, kisha akashika njia ya Kabambare kuelekea Kasongo na Nyangwe, alichukua pamoja na nguo na shanga zake mali nyingine isiyofungwa katika mzigo wowote, nayo ni vipimo vya Unguja. Maana Wangwana, yaani wafanyabiashara wa pwani, waliofika Manyema, ndiyo nchi hiyo ya Kasongo na Nyangwe, kutafuta pembe za ndovu na kuteka watu hawakuridhika na kukisia kwa macho, bali walitaka kila kitu kirejee kwenye frasila, ratili, mkono na doti, ili hesabu iliyofanywa Kasongo ipate kusomwa na tajiri aliyewakopesha kule pwani, aghalabu Mhindi ambaye hakuiona Manyema hata siku moja.

Pembe ndizo zilizotawala hesabu hiyo. Frasila 1 ilikuwa mani 12, na mani 1 ratili 3, na ratili 1 wakia 16, na wakia yenyewe ilikuwa uzito wa reale moja ya Maria Theresa, ile fedha ya Austria iliyozagaa katika bandari zote za bahari ya Hindi, ambayo ina gramu 28 na chembe kidogo. Mwenye subira ya kuzidisha atapata frasila ya kilo 16 na gramu 160 na ushei. Ilhali Waingereza wa Unguja waliihesabu kuwa paundi zao 35, yaani kilo 15 na gramu 876. Tofauti ya gramu 290 hivi si kitu kwa pembe moja, walakini kwa shehena ya frasila 100 inafika kilo 29, na mzigo wa mpagazi mmoja, ukikadiriwa kwa frasila 2, haukuzidi kilo 32. Basi ndani ya tofauti ya mizani mbili mlikuwa na karibu mzigo mzima, na sioni sababu ya kudhani kwamba hasara yake ilimwangukia tajiri.

Upande wa nguo mambo yalikuwa huru zaidi. Mkono hupimwa tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni upande, mikono 8 ni doti, na doti kwa hesabu ya vitabu ni yadi 4, au mita 3 na sentimita 66. Merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ilikuja ikiwa jora la yadi 30 hivi, likafunguliwa njiani na kupimwa kwa mkono wa mtu aliye hai. Kwa mkono wa inchi 18 jora hilo hutoa doti 7 na nusu. Akipima mtu mfupi mwenye mkono wa inchi 17, hutoa karibu doti 8, na nguo haikuongezeka hata uzi mmoja. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika Nyangwe mwaka 1874 alikuta kwamba fedha ya soko ni watumwa, mbuzi na kauri. Kwa hiyo doti iliyokwisha kunyumbuka njiani ilipaswa kugeuzwa mara nyingine tena, na kila mgeuzo ulikuwa na mwenyewe aliyekula katikati.

Hata masafa yalipimwa kwa namna ya peke yake. Mwezi wa Oktoba 1876 msafiri Stanley alipatana na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, amsindikize kwa vituo 60, kila kituo mwendo wa saa 4, kwa kuwa hapana aliyejua maili za msitu ulio mbele. Na ujira wenyewe Stanley aliuandika dola 5,000, naye Hamed katika habari za maisha yake akataja 7,000.

Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Mji wa kale wa Kasongo ukabaki mahali paitwapo Tongoni, na dola hiyo mpya ikaja na faranga, iliyokwisha kuwekwa kwa sheria ya 1887, pamoja na kilo na mita. Ilipotolewa amri ya kilimo cha lazima cha pamba mwaka 1917, mkulima aliyejua ukubwa wa kikapu chake alisimama mbele ya mizani ambayo msomaji wake alikuwa ndiye mnunuzi. Kwa kweli kilo ni kipimo cha haki kuliko mkono wa mtu, lakini haki hiyo yategemea nani anayeutazama mshale.

Wala vipimo vya kale havikufutika vyote. Kongo ya leo ni nchi ya mita kisheria, na kitenge bado chauzwa kwa yadi: vipande vya yadi 6, ambavyo ni mita 5 na sentimita 49, au doti moja na nusu kwa hesabu ya Wangwana. Na huko Kabambare, upande wa Salamabila na Namoya, kuna dhahabu. Na biashara ya dhahabu ya mashariki ya Kongo ingali inaijua tola, kipimo cha Bara Hindi chenye gramu 11.66. Tola ni thumni tatu kamili za aunsi ya dhahabu, ile inayotangaziwa bei kule London. Mchimbaji huuza punje zake kwa vipimo vya njiti za kiberiti na sarafu kuukuu, mnunuzi wa kijiji huzijumlisha kuwa gramu, mkubwa wake huzifanya tola, na wa nje huzifanya aunsi.