Njia za wageni, Serengeti ya magharibi

Ni mtandao wa barabara za moramu, drifti, viwanja vidogo vya ndege na magari ya kukodi unaowaingiza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kutokea upande wa Ziwa Victoria. Wanaoutumia hutoka Mwanza, Bunda, Butiama na Musoma, wengine wakiwa wamepitia kwanza Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, au Nyegina, kwenye misheni ya Kikatoliki ambako Mwalimu alibatizwa mwaka 1943. Milango inayotumika zaidi upande huu ni Ndabaka, iliyo kando kabisa ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, na Ikoma, kwa wanaopitia Mugumu.

Mtandao wenyewe hauna mmiliki mmoja. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Kuanzia getini kwenda ndani ni mali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Magari ni ya kampuni binafsi, nyingi zikiwa na makao Arusha. Mgeni akiteguka shingo njiani hajui kama amlaumu mwenye barabara au mwenye gari, na mara nyingi wote wawili wana sehemu yao.

Tatizo la kwanza ni udongo. Ukanda wa magharibi, kipande chembamba cha hifadhi kinachonyooka kufuata mto Grumeti kuelekea Ghuba ya Speke, una maeneo makubwa ya udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa. Ukinyeshewa huvimba na kunata, meno ya tairi hupotea chini ya tope na gari hutambaa ubavu hata kwenye tambarare. Nyanda za kusini-mashariki, upande wa Naabi, zina majivu ya volkano ambayo shida yake kubwa ni vumbi. Kwa hiyo kanuni moja ya matengenezo haitoshi hifadhi nzima yenye kilomita za mraba 14,763, na fundi aliyezoea Naabi akiletwa Kirawira, huku magharibi, lazima ajifunze upya.

Tatizo la pili ni kalenda, nalo halina dawa. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Makundi ya nyumbu huingia ukanda wa magharibi na kufika Grumeti kati ya Mei na Juni, wakati barabara ndiyo kwanza imetoka kuloweshwa. Greda likiingia mapema hukwama lenyewe. Likichelewa, moramu imeshakauka, haishikani tena, na kila kilomita inadai boza la maji kabla ya kushindilia. Msimamizi wa barabara ana siku chache tu za unyevu unaofaa, na siku hizo ndizo mahoteli yanapoanza kujaa.

Ugonjwa wa kudumu ni rasta, yale makunyanzi yanayokatiza barabara na kutikisa gari mpaka boliti zinalegea. Hazitokani na uzembe wa mjenzi. Tairi likiruka kidogo juu ya kokoto, likitua husukuma changarawe mbele na kuacha shimo dogo. Linalofuata huruka palepale, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo mawimbi yanavyokomaa. Madereva wazoefu hukimbia juu yake makusudi, kwa sababu kwa mwendo mkali gari hugusa migongo tu na abiria hupata nafuu. Nafuu hiyo analipa anayekuja nyuma. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, lakini kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, na dereva aliyechelewesha wageni wake kwa chui aliyelala mtini hujikuta akikimbizana na saa ili atoke kabla hajadaiwa siku ya pili. Sioni greda litakaloshinda utaratibu wa malipo unaomlazimisha mtu kukimbia.

Namna ya kuziondoa rasta inajulikana. Kisu cha greda kishuke chini kuliko mabonde ya rasta, si kukwangua vichwa tu; changarawe ichanganywe upya, mgongo wa barabara uinuliwe katikati ili maji yaende mitaroni, kisha ishindiliwe ikiwa na unyevu. Kukwangua vichwa kunapendeza siku ya kwanza, na baada ya wiki chache rasta zimerudi zilipokuwa. Kila msimu upepo na matairi huondoa sehemu laini ya moramu, yabaki mawe matupu, hivyo baada ya miaka kadhaa hapana budi kumwaga tabaka jipya. Moramu hiyo huchimbwa, na shimo lisipofukiwa hugeuka bwawa linalovuta wanyama kando ya barabara. Ikiletwa kutoka nje ya hifadhi huweza kubeba mbegu. Gugu karoti, mmea vamizi wenye sumu kwa mifugo, husambaa kwa njia hiyo, kwa matairi na kwa mitambo, na limeshaonekana katika ikolojia ya Serengeti na Mara. Ndiyo maana kuosha greda kabla ya kulihamisha ni kazi ya uhifadhi sawa na kufukuza majangili, ingawa haina picha nzuri ya kuonyesha.

Kazi ya matengenezo hufanyika mchana. Katika bustani za burudani za nje mambo huwa kinyume: Disneyland ya California hupata usiku wa kukagua mitambo wageni wakishaondoka. Serengeti usiku ni wa wanyama, magari ya wageni hayaruhusiwi kuzunguka, na fundi hulazimika kugawana barabara na watalii wake.

Uwezo wa mitambo umekuwa ukipanda na kushuka kadiri mapato ya utalii yanavyokwenda. Janga la UVIKO-19 lilikausha mapato hayo. Mwaka 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha zilizokwenda sekta ya utalii ilitumika kununulia hifadhi mitambo ya barabara.

Upande wa magari, anayetawala ni Landikruza iliyorefushwa, yenye paa la kuinuka, kazi inayofanywa zaidi na karakana za Arusha. Kinachokufa kwanza ni shokomzoba na bushi, kisha springi. Chujio la hewa hukung'utwa kila jioni. Mwishoni mwa miaka ya 2010 yalianza kuonekana magari yaliyotolewa injini ya dizeli na kuwekwa ya umeme, yakichajiwa kwa jua. Simba hawashtuki nayo. Rasta nazo hazijali injini.

Angani kuna viwanja vya moramu vya Seronera, Grumeti, Kogatende na vingine, ambako kabla ya ndege kutua huenda gari likatangulia kufukuza pundamilia. Hatari ya ndege na wanyama si hadithi: Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alifariki ndege yao ilipogongana na tai. Maputo ya kubeba wageni alfajiri yalianza mwaka 1989.

Suala kubwa la uboreshaji limekuwa lami. Mwaka 2010 serikali ilitangaza mpango wa barabara kuu ya Musoma hadi Arusha kupitia Makutano, Natta, Mugumu na Loliondo, ambayo ingekata kaskazini mwa hifadhi kwa kilomita 53. Wana-Mara wengi waliitaka, na hoja yao ilikuwa nzito: mgonjwa na gunia la mahindi havisubiri nyumbu wapite. Wahifadhi walihofia malori na uzio. Mwaka 2011 serikali iliiandikia UNESCO kwamba kipande cha ndani kitabaki cha changarawe chini ya TANAPA, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia kisijengwe kwa lami. Nje ya hifadhi ujenzi uliendelea kwa vipande, ukianzia Makutano hadi Sanzate.

Usafiri wa umma kwa mgeni asiye na gari karibu haupo. Basi la Musoma–Mwanza hupita mbele ya geti la Ndabaka, lakini huwezi kushuka ukaingia kwa miguu. Yapo mabasi yanayotoka Mara kwenda Arusha yakikatiza Serengeti na Ngorongoro, na abiria wake huona tembo dirishani bila basi kusimama. Raia hulipa kiingilio kidogo. Mgeni wa nje hutozwa ada za hifadhi zote mbili, jumla ambayo huizidi nauli yenyewe mara kadhaa.